Astropy inagoma kwenye Windows 10: kuhusu ujumbe wa "Visual C++" na mwezi mwandamo wa Tanga

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Nataka wanafunzi wangu wakokotoe wenyewe mwinuko wa mwezi mwandamo jioni jua linapozama, na nimeambiwa Astropy, maktaba ya hesabu za anga katika lugha ya programu ya Python, inafaa kwa kazi hiyo. Laptop yangu ni ya Windows 10, biti 64, RAM GB 4. Nimesakinisha Python, nikaandika pip install astropy. Ikaenda kidogo, kisha skrini ikajaa maandishi mekundu, na mwisho wake: "error: Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required". Nimeitazama hiyo Visual C++ nikaona ni GB kadhaa, bando langu halitoshi. Nifanyeje? Na je, nikifanikiwa, itafanya kazi shuleni ambako hakuna intaneti?

JIBU: Mwalimu, usiipakue Visual C++. Huihitaji. Ujumbe ule ni mwisho wa mlolongo wa mambo, na kosa lenyewe lilitokea hatua kadhaa nyuma.

Sehemu kubwa ya Astropy imeandikwa kwa Python, lakini zile hesabu nzito ziko katika lugha ya C. Ndivyo zilivyo pia maktaba mbili inazozitegemea: NumPy, inayoshughulikia safu za namba, na PyERFA, inayobeba kanuni za mzunguko wa dunia na mahali pa sayari. Msimbo wa C lazima upitishwe kwenye kompaila, yaani programu inayougeuza kuwa lugha ya mashine, kabla ya kutumika. Ili kukuondolea kazi hiyo, watengenezaji huweka mtandaoni vifurushi vilivyokwisha kupikwa, vyenye jina linaloishia na .whl. Kila kifurushi kimepikwa kwa ajili ya toleo fulani la Python, mfumo fulani na idadi fulani ya biti. Ukiona cp312 na win_amd64 kwenye jina la faili, ujue ni cha Python 3.12, Windows, biti 64.

Pip, yaani programu inayopakua na kusakinisha maktaba za Python, ikikosa kifurushi kinacholingana na Python yako, haikuambii hivyo kwa maneno ya wazi. Inachukua kifurushi kibichi, kile cha .tar.gz, na kuanza kukipika yenyewe papo hapo. Hapo ndipo inapotafuta kompaila, isiione, ikaililia Visual C++, ambayo ni kompaila ya Microsoft. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kwa nini Python yako haikupata kifurushi kilicho tayari? Mara nyingi ni mojawapo ya mambo mawili. Ama umesakinisha Python mpya mno, iliyotoka juzijuzi na ambayo maktaba zote bado hazijapikiwa, ama umesakinisha Python ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64. La pili hutokea kirahisi kwa sababu Windows inaikubali bila kulalamika.

Hakikisha kwanza. Fungua Command Prompt (bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter) na uandike:

py -0p

Hiyo ni sifuri, si herufi O. Utaona orodha ya Python zote zilizomo na folda zake. Ile yenye -32 mwishoni mwa namba ya toleo ni ya biti 32. Ukitaka uhakika kamili:

py -c "import struct; print(struct.calcsize('P')*8)"

Jibu litakuwa 64 au 32. Likiwa 32, huenda umempata mchawi. Likiwa 64, tazama toleo: kama ni lile jipya kabisa kuliko yote, basi tatizo ni upya wake.

Dawa ya hali zote mbili ni moja: sakinisha Python 3.12 ya biti 64. Toleo la mwisho la 3.12 lenye faili ya kusakinisha ya Windows ni 3.12.10, na jina la faili ni python-3.12.10-amd64.exe, chini ya MB 30. Neno amd64 lisikutie shaka kama laptop yako ina prosesa ya Intel. Ni jina la aina ya biti 64 ambayo Intel na AMD wote wanaitumia. Si lazima uondoe Python ya zamani kwanza, kwa kuwa Windows inaweza kubeba kadhaa, nawe utaitaja unayoitaka kwa kuandika py -3.12.

(Anayetumia Windows 7 asihangaike na 3.12. Python ya mwisho inayokubali Windows 7 ni 3.8, na Astropy ya mwisho inayokubali Python 3.8 ni 5.2. Inatosha kabisa kwa kazi ya mwezi mwandamo.)

Sasa tenga folda maalumu ya kazi hii, ili maktaba za unajimu zisigombane na kitu kingine chochote:

py -3.12 -m venv C:\anga
C:\anga\Scripts\activate.bat

Mstari wa amri utaanza na (anga). Ukiona alama hiyo, kila unachosakinisha kinaingia humo tu. Folda nimeiweka moja kwa moja kwenye C:\ kwa makusudi. Desktop na Documents mara nyingi huwa zinanakiliwa na OneDrive, ambayo itaanza kupandisha mafaili maelfu mtandaoni na kumaliza bando lako. Pia njia ndefu zenye nafasi katikati ya majina huleta makosa yasiyoeleweka. Kama unatumia PowerShell badala ya Command Prompt, amri ya pili itapita bila kulalamika lakini (anga) haitatokea, na ile ya PowerShell yenyewe, Activate.ps1, mara nyingi hukataliwa kwa ujumbe kwamba "running scripts is disabled on this system". Rudi tu Command Prompt, hakuna haja ya kugusa ulinzi wa kompyuta.

Kisha:

python -m pip install --only-binary :all: --timeout 120 --retries 10 astropy

Amri hii ni ndefu kuliko uliyoitumia, na kila kipande kina kazi. Kuanza na python -m pip kunahakikisha pip inayofanya kazi ni ya Python hii hii uliyoiwasha. Watu wengi husakinisha Astropy kwenye Python moja, wakaendesha programu kwa nyingine, kisha wakakutana na "No module named 'astropy'" wakidhani usakinishaji haukufaulu. Kipande cha --only-binary :all: kinaikataza pip isiguse kifurushi kibichi hata kimoja. Ikikosa kilichopikwa cha toleo jipya, itashuka hadi toleo la nyuma lililo tayari, au itakuambia wazi kwamba hakuna. Ule mlolongo wa maandishi mekundu hautarudi. Timeout na retries ni kwa ajili ya mtandao wetu: kawaida pip husubiri sekunde 15 tu mtandao ukikatika, kisha hukata tamaa kwa "ReadTimeoutError".

Vitakavyoshuka ni Astropy yenyewe, NumPy, PyERFA, PyYAML, packaging na astropy-iers-data. Vyote kwa pamoja havizidi MB 40. Ukiona mahali wameandika "astropy[recommended]", iache kwa sasa. Inaongeza SciPy na Matplotlib, ambazo ni nzito na huzihitaji mpaka utakapotaka kuchora grafu. RAM yako ya GB 4 inatosha.

Usiishie kwenye maneno "Successfully installed". Hayo yanathibitisha kwamba mafaili yamefika, hayathibitishi kwamba hesabu inatoka sawa. Ipime maktaba kwa tukio ambalo jibu lake linajulikana. Afrika Mashariki tunalo moja zuri: kupatwa kwa jua kwa tarehe 3 Novemba 2013, ambako kivuli kilipita Pakwach, kaskazini mwa Uganda, na jua likafunikwa lote mnamo saa 11:22 jioni. Fungua Notepad, andika haya, kisha hifadhi kama C:\anga\jaribio.py:

import astropy.units as u
from astropy.time import Time
from astropy.coordinates import EarthLocation, AltAz, get_body

pakwach = EarthLocation(lat=2.46*u.deg, lon=31.50*u.deg, height=620*u.m)
wakati = Time("2013-11-03 14:22:30")
jua = get_body("sun", wakati, pakwach)
mwezi = get_body("moon", wakati, pakwach)
print(jua.separation(mwezi).deg)
print(jua.transform_to(AltAz(obstime=wakati, location=pakwach)).alt.deg)

Wakati wa kuhifadhi, chagua "All Files" kwenye aina ya faili. La sivyo Notepad itabandika .txt mwishoni na faili yako itakuwa jaribio.py.txt bila wewe kuiona. Na usiiite faili astropy.py hata kidogo. Python itaiona hiyo kwanza, iidhani ndiyo maktaba, na utapata kosa la "partially initialized module". Endesha kwa:

python C:\anga\jaribio.py

Namba ya kwanza ni umbali kati ya kitovu cha jua na kitovu cha mwezi, kwa nyuzi. Inapaswa kuwa ndogo mno, chini ya 0.03. Namba ya pili ni mwinuko wa jua juu ya upeo wa macho, na inapaswa kukaribia 17.5. Sasa fanya jambo moja ambalo ni somo zuri kwa wanafunzi pia: futa neno pakwach ndani ya get_body zote mbili na uendeshe tena. Umbali utaruka hadi karibu nyuzi nzima, kana kwamba jua halikupatwa. Kwa kuwa hukutaja mahali, Astropy ilihesabu kama mtazamaji amekaa kwenye kiini cha dunia. Mwezi uko karibu nasi kiasi kwamba anayeutazama akiwa juu ya uso wa dunia anauona umehama takribani nyuzi moja pale unapokuwa chini karibu na upeo. Na mwezi mwandamo siku zote huwa chini karibu na upeo. Anayesahau kutaja mahali huupandisha mwezi karibu nyuzi nzima kuliko ulivyo, na kwa mwezi mwandamo nyuzi moja ni tofauti ya kuonekana na kutoonekana.

Utakuwa umegundua kwamba niliandika 14:22 ilhali tukio lilikuwa saa 11:22 jioni. Astropy inasoma saa kwa UTC tu (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu) usipoiambia vingine, na hapa ndipo sisi tunaosema saa za Kiswahili tunapoteleza kuliko kwenye usakinishaji wote. Kanuni ni rahisi. Kwa saa za mchana, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 na dakika zake jioni, chukua saa ya Kiswahili uongeze 3: saa 12:45 jioni ni 15:45 UTC. Kwa saa za usiku, kuanzia saa 1 usiku hadi saa 12 alfajiri, ongeza 15. Jumla ikiwa chini ya 24, tarehe ni ya jioni ile iliyotangulia. Ikifika 24 au kuzidi, toa 24 na utumie tarehe inayofuata. Hivyo saa 8 usiku ni 23:00, na saa 11 alfajiri ni 02:00. Hii ni kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Walioko Bukavu, Goma, Kigali au Bujumbura waongeze 4 na 16, kwa kuwa saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Wakumbushe wanafunzi pia kwamba "usiku wa Ijumaa" kwa desturi ya pwani ni ule wa Alhamisi jioni, ambapo kompyuta inahesabu siku kuanzia usiku wa manane. Kosa la siku nzima linausogeza mwezi zaidi ya nyuzi 12.

Programu unayoihitaji hasa ndiyo hii. Nimeiwekea jioni ya 18 Februari 2026. Mwezi ulikutana na jua jana yake, saa 9 alasiri kwa saa zetu.

import numpy as np
import astropy.units as u
from astropy.time import Time
from astropy.coordinates import EarthLocation, AltAz, get_body
from astropy.utils import iers

iers.conf.auto_download = False
iers.conf.iers_degraded_accuracy = "warn"

tanga = EarthLocation(lat=-5.07*u.deg, lon=39.10*u.deg, height=20*u.m)
nyakati = Time("2026-02-18 18:15:00") - 3*u.hour + np.arange(60)*u.min
fremu = AltAz(obstime=nyakati, location=tanga)
jua = get_body("sun", nyakati, tanga).transform_to(fremu)
mwezi = get_body("moon", nyakati, tanga).transform_to(fremu)
i = np.argmax(jua.alt.deg < -0.83)
print((nyakati[i] + 3*u.hour).iso, mwezi.alt.deg[i])

Inapita dakika 60 moja baada ya nyingine kuanzia saa 12:15 jioni, inatafuta dakika ya kwanza ambayo jua limezama, kisha inachapa saa hiyo na mwinuko wa mwezi. Kwa tarehe hiyo saa ya kuzama itatoka karibu 18:45. Ikitoka 18:15 kamili, yaani dakika ya kwanza kabisa, usiiamini. Maana yake jua ama lilikuwa limeshazama kabla ya kuanza kuhesabu, ama halikuzama ndani ya saa ile, na argmax imerudisha sifuri kwa kukosa la kusema. Sogeza muda wa kuanzia.

Hiyo -0.83 haikutoka hewani. Tunasema jua limezama pale ukingo wake wa juu unapotoweka. Nusu ya upana wa jua ni dakika 16 za nyuzi, na hewa huupinda mwanga karibu na upeo kwa dakika 34 hivi. Jumla ni dakika 50, sawa na nyuzi 0.83. Astropy yenyewe haihesabu kupinda kwa mwanga usipoipa kanieneo ya hewa, na kwa vitu vilivyo chini sana ni heri uiache hivyo na utumie -0.83, kwa sababu fomula yake hulegea karibu na upeo. Zingatia pia alama ya kutoa kwenye -5.07. Tanga iko kusini mwa ikweta, na ukiisahau utakuwa umeihamishia kaskazini. Na uandike lat= na lon= kama nilivyofanya, kwa sababu amri nyingine ya maktaba hii, from_geodetic, inataka longitudo itangulie. Ukikutana na mifano ya zamani yenye get_moon, ibadilishe iwe get_body("moon").

Kuhusu shule isiyo na intaneti: ndiyo, itafanya kazi, na ile mistari miwili ya iers ndiyo yenye siri. Dunia haizunguki kwa mwendo sawasawa kabisa, kwa hiyo Astropy hutaka jedwali jipya la mwenendo wake, na kwa kawaida hulitafuta mtandaoni yenyewe. Bila mtandao itasubiri, itatoa onyo, au itasimama na kosa kwamba makadirio yana zaidi ya siku 30. Mstari wa kwanza unaizuia kutafuta mtandaoni. Wa pili unaiambia iendelee kwa onyo pale jedwali lililopo linapokuwa halifiki tarehe uliyotaja. Hasara yake? Tofauti kati ya mzunguko wa dunia na UTC hairuhusiwi kuzidi sekunde 0.9, na kwa sekunde hizo dunia hugeuka nyuzi 0.004 tu. Macho hayawezi kuiona tofauti hiyo kwenye mwezi mwandamo. Ukipata mtandao, hata mara moja kwa miezi kadhaa, endesha python -m pip install --upgrade astropy-iers-data. Shuleni epuka pia EarthLocation.of_address na of_site, zote mbili hutaka mtandao, na epuka kuchagua jedwali la "jpl" la sayari, ambalo litaomba faili ya zaidi ya MB 100. Lile la ndani linakutosha.

Kwa kompyuta za shuleni, pakua mara moja kwenye laptop yako uweke kwenye flashi:

python -m pip download --only-binary :all: -d E:\maktaba astropy

Weka humo pia ile python-3.12.10-amd64.exe. Kwenye kila kompyuta sakinisha Python, tengeneza C:\anga kama mwanzo, iwashe, kisha:

python -m pip install --no-index --find-links E:\maktaba astropy

Badilisha E: kwa herufi ambayo kompyuta imeipa flashi. Usinakili folda ya C:\anga yenyewe ukadhani umerahisisha. Ndani yake kumeandikwa njia kamili ya Python ya kompyuta ilikotengenezwa, na kwenye kompyuta ambayo Python iko chini ya jina la mtumiaji mwingine haitawaka.